Ukibonyeza @ ikatoka °: kuiweka sawa kibodi unapoingia kompyuta ya mbali

Msimu wa wageni ukikaribia hapa Malindi, maswali ninayoletewa huwa yale yale. Kijana amepata kazi ya kuweka hesabu za nyumba za kukodisha za Casuarina au Watamu. Mwenye nyumba yuko Milano, na kompyuta yenye hesabu iko huko huko. Kijana anaingia kwa mbali akiwa kwao Barani au Maweni, skrini inafunguka vizuri, kisha anakwama: anabonyeza @ inatoka °, anabonyeza mkwaju (/) inatoka kistari (-), na neno la siri lililokubaliwa asubuhi linakataliwa adhuhuri. Anadhani laptopu imeharibika, anaipeleka kwa fundi, anatozwa pesa ya bure.

Laptopu ni nzima. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke.

Nitazungumzia zaidi kibodi ya Kiitalia, maana ndiyo inayotusumbua huku. Tangu mradi wa San Marco ulipoweka jukwaa la kurushia setilaiti baharini karibu na Ngomeni miaka ya 1960, Waitalia hawajaacha kuja Malindi, na kazi zao nyingi sasa zinapita kwenye kompyuta zilizo kwao. Ila kama mwajiri wako yuko Ujerumani au Ufaransa, hatua hazibadiliki; zinabadilika alama na baadhi ya herufi tu.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Laptopu yenye Windows 10 au 11, na intaneti isiyokatika katika ile nusu saa ya kwanza.
- Akaunti yako mwenyewe kwenye kompyuta ya kule. Usikubali kupewa akaunti ya mwenye nyumba. Mpangilio wa kibodi hufuata akaunti, kwa hiyo ukiwa na yako utairekebisha bila kumharibia mtu.
- Kama mtatumia Remote Desktop ya Microsoft, programu ya Windows ya kuingilia kompyuta ya mbali, kompyuta ya kule iwe na Windows ya Pro. Ya Home inaweza kuingia kwingine lakini yenyewe haiingiliki kwa njia hiyo.
- Njia salama ya kuingilia, kama VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti. Akikwambia mtu mfungue mlango (port) 3389, ule wa Remote Desktop, moja kwa moja kwenye intaneti ili kurahisisha, kataa. Wezi huutafuta mlango huo usiku na mchana.
- Neno la siri refu la herufi na tarakimu tu, lisilo na alama. Kwenye kibodi ya Kiitalia herufi za kawaida na tarakimu ziko pale pale zilipo kwenye yako. Alama ndizo zinazohama.
- Namba ya simu ya mtu aliye kule, na karatasi ya kuandikia.

Panga na saa pia. Windows ya kawaida hairuhusu watu wawili kuitumia kwa wakati mmoja, mmoja kwa mbali na mwingine kitini; ukiingia wewe, aliye kule anafungiwa skrini. Italia iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa joto. Saa mbili asubuhi ya Malindi, wengi wao bado hawajafika kazini. Hapo ndipo pa kufanyia majaribio.

Jambo la kuelewa, na ni hili moja tu

Kibodi haina herufi. Zile zilizochapwa juu ya vitufe ni rangi. Ukibonyeza, kibodi hutuma namba ya kitufe, na Windows huigeuza namba hiyo kuwa herufi kwa kufuata mpangilio uliochaguliwa. Ukiingia kompyuta ya mbali, Windows zinakuwa mbili, yaani wakalimani wawili. Remote Desktop ya Microsoft kwa kawaida hupeleka namba ya kitufe kama ilivyo, pamoja na habari ya mpangilio ulioko hapa kwako, halafu ya kule ndiyo inayotafsiri. Programu za jamii ya VNC kwa asili yake hupeleka herufi iliyokwisha tafsiriwa huku. Kazi yako ni kuhakikisha anayetafsiri ni mmoja, na kwamba anajua una kibodi gani mkononi.

Hatua ya 1: Tambua kibodi iliyo mbele yako

Tazama juu ya 2 na 3. Ukiona @ juu ya 2 na # juu ya 3, ni ya Kimarekani. Ukiona alama za kunukuu juu ya 2 na £ juu ya 3, ni ya Kiingereza cha Uingereza, isipokuwa upande wa kulia pawe na herufi ò, à na è. Hiyo ni ya Kiitalia. Laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa huku zimetoka Uingereza, na wenye nazo hudhani ni za Kimarekani kwa sababu herufi zote zinafanana. Hapa ndipo nusu ya matatizo yanapoanzia.

Andika jibu kwenye karatasi.

Hatua ya 2: Iambie Windows ya hapa ukweli

Fungua "Settings", ingia "Time & language", kisha "Language & region" (kwenye Windows 10 ni "Language"). Bonyeza nukta tatu zilizo kando ya lugha unayotumia (kwenye Windows 10, bonyeza lugha yenyewe), chagua "Language options" au "Options", ushuke hadi "Keyboards". Ongeza ile uliyoandika kwenye karatasi, halafu uondoe nyingine zote usizozitumia.

Kuondoa ni muhimu kuliko kuongeza. Mpangilio wa ziada ukibaki, siku moja utabonyeza Alt na Shift pamoja bila kujua, nao utajiwasha katikati ya kazi. Kama unaandika Kiarabu pia, acha Kiarabu na hiyo moja, basi.

Kuna kitu kimoja kinachowachanganya watu: ukiweka Windows kwa Kiswahili cha Kenya, kibodi inayokuja nayo ni ya Kimarekani. Laptopu yako ikiwa ya Uingereza, lazima ubadilishe kwa mkono.

Sasa fungua Notepad hapa hapa kwako, kabla ya kuunganisha chochote, ubonyeze kila alama. Kila kitufe kitoe kilichochapwa juu yake. Kisipotoa, usiendelee. Hapa pakiwa pabovu, kule hapatakuwa pazima.

Hatua ya 3: Tayarisha programu kabla ya kuunganisha

Fungua "Remote Desktop Connection", bonyeza "Show Options", kisha "Local Resources". Chini ya neno "Keyboard" utaona chaguo la wapi vitufe vya pamoja kama Alt na Tab vifanye kazi: kompyuta hii, ya mbali, au ya mbali pale tu unapojaza skrini nzima. Kwa kawaida imewekwa hili la tatu. Maana yake ni kwamba ukiwa kwenye dirisha dogo, ukibonyeza Windows na Space ili kubadilisha kibodi ya kule, unabadilisha ya hapa. Watu wamepoteza asubuhi nzima kwa sababu hiyo. Kama kazi yako ni ya kutwa, chagua kompyuta ya mbali na usahau habari hiyo.

Hatua ya 4: Ingia, kisha upime kwenye Notepad ya kule

Usipimie kwenye fomu ya benki wala kwenye ankara ya mteja. Fungua Notepad ya kule uandike mstari huu polepole:

@ / \ - _ # " ? : = y z a q m

Linganisha ulichokusudia na kilichotoka.

- @ imetoka ° na mkwaju umetoka kistari: mkononi una kibodi ya Uingereza, kule kunatafsiriwa Kiitalia.
- @ na alama za kunukuu zimebadilishana nafasi, na karibu mengine yote yako sawa: Marekani na Uingereza zimekutana, moja hapa, nyingine kule.
- y na z zimebadilishana: kule ni Kijerumani.
- a imekuwa q, na m imetoka kama koma: kule ni Kifaransa.
- Kila kitu sawa: umemaliza, nenda hatua ya 8.

Hatua ya 5: Ondoka kabisa, uingie upya

Ukifunga dirisha kwa ule msalaba wa juu, kule hujaondoka. Programu zako zinabaki wazi, na mara nyingi kibodi inabaki na mpangilio ule ule wa mwanzo. Jambo hili ni neema stima ikikatika, maana kazi yako unaikuta, lakini kwa tatizo letu ni kikwazo. Hifadhi kazi, fungua menyu ya Start ya kule, bonyeza jina lako, uchague kutoka. Kwa Kiitalia imeandikwa "Disconnetti". Kisha uingie tena. Kompyuta ya kule itapokea upya habari ya kibodi yako, iliyosahihishwa katika hatua ya 2.

Ukiingia, angalia kona ya chini kulia ya skrini ya kule. Ukiona ITA, bonyeza hapo uchague ENG. Kama ENG haipo, iongeze kwenye akaunti yako ya kule kwa njia ya hatua ya 2. Menyu zitakuwa kwa Kiitalia, lakini alama ya gurudumu la "Impostazioni" na nafasi za vitu ni zile zile. Fungua "Settings" yako pembeni ulinganishe.

Wengi wanapona hapa.

Hatua ya 6: Kama unalazimika kuandika kwa mpangilio wa Kiitalia

Wakati mwingine huna ruhusa ya kubadilisha kitu. Basi jifunze vitufe, si vingi. Nakili haya kwenye karatasi uibandike ukutani. Yanafaa kwa laptopu ya Uingereza na ya Kimarekani, kwa sababu nafasi hizi ni zile zile:

- @ ni Alt ya kulia pamoja na kitufe cha ;
- # ni Alt ya kulia pamoja na kitufe kinachofuata, chenye '
- Mkwaju / ni Shift na 7
- Kistari - ni kitufe cha /, na ukiongeza Shift unapata _
- Nukta mbili : ni Shift na nukta, nuktamkato ; ni Shift na koma
- Alama ya kuuliza ni Shift na kitufe kilicho kulia kwa 0
- Alama ya = ni Shift na 0; alama za kunukuu ni Shift na 2
- \ ni kitufe kilicho chini ya Esc, kushoto kwa 1
- € ni Alt ya kulia na E

Alt ya kulia ikigoma, shika Ctrl na Alt ya kushoto kwa pamoja. Windows inazihesabu kuwa kitu kimoja. Na usipoteze muda kutafuta ~ kwenye kibodi ya Kiitalia: haipo. Kama laptopu yako ina vitufe vya namba upande wa kulia, shika Alt uandike 126. Njia hiyo hiyo hutoa @ kwa 64 na \ kwa 92. Ukikosa vitufe hivyo, andika alama kwenye Notepad ya hapa, nakili, ukabandike kule. Kwa anwani za barua pepe hiyo ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu haikosei.

Hatua ya 7: Dawa kali, kwa mwenye mamlaka tu

Kuna kompyuta za kule zinazoingiliwa na watu wengi: wewe Malindi, mhasibu Ujerumani, mwenye nyumba kitini. Kila anayeingia analeta mpangilio wake, na katika orodha inatokea mipangilio ambayo hakuna aliyeiweka na ambayo haiondoki ukiiondoa. Hapo msimamizi wa kompyuta ya kule anaweza kuiambia isisikilize habari ya kibodi inayotoka nje. Afungue regedit, programu ya kubadilishia mipangilio ya ndani ya Windows, aende:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Keyboard Layout

Aongeze DWORD iitwayo IgnoreRemoteKeyboardLayout, aipe thamani 1, kisha aiwashe kompyuta upya.

Tahadhari kubwa: chini ya Control kuna folda mbili zinazofanana, "Keyboard Layout" na "Keyboard Layouts" yenye s. Tunayoitaka ni ile isiyo na s. Usiguse kitu katika ile nyingine. Na fahamu matokeo: kuanzia hapo kule kutafuata orodha ya akaunti yako ya kule peke yake, kwa hiyo uwe umeshaiweka sawa kama hatua ya 5 ilivyoeleza. Hii si kazi ya kufanya mwenyewe kimya kimya kwenye mashine ya watu. Mpigie simu mhusika, mkubaliane.

Hatua ya 8: Acha ulivyokuta

Kama umelazimika kutumia akaunti ya mtu mwingine, rudisha ITA kabla ya kutoka. Hili nalisisitiza sana. Mama wa miaka sabini anayefungua kompyuta yake asubuhi akakuta è yake imekuwa [ hatajua kilichotokea, atajua tu kwamba tangu yule wa Malindi aingie, mashine imeharibika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kazi za mbali zinapatikana kwa kuaminiana, na vijana wetu wanazihitaji.

Ukitumia programu nyingine

RustDesk ina chaguo la kibodi ndani ya menyu ya sesheni: "Map mode" hupeleka namba za vitufe, kule kutafsiri, "Translate mode" hutafsiri huku. Ukiwa na kibodi tofauti na ya kule, anza na "Translate mode". Ukiona alama chache zinapotea, jaribu nyingine. Kwa VNC, weka mpangilio wa aina moja pande zote mbili, ndivyo inavyotulia. Ukiingia kwa simu, kibodi ya kioo mara nyingi hupeleka herufi yenyewe, ndiyo maana @ inayokataa kwenye laptopu huandikika kwa simu. Hilo halimaanishi laptopu ni mbovu.

Kwa wachache wanaotumia Dvorak au mpangilio waliojitengenezea: Windows inaijua Dvorak, hivyo iongeze pande zote mbili. Ule uliojitengenezea kule haujulikani, kwa hiyo namba ya kitufe ikifika inatafsiriwa kwa mpangilio mwingine kabisa. Ama uusakinishe kule, ama utumie kibodi ya nje inayohifadhi mpangilio ndani yake yenyewe, kisha uweke Kimarekani huku na huku.

Bado inakataa?

*Neno la siri lilikubaliwa nilipoingia, sasa skrini imejifunga na linakataliwa.* Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi. Mara ya kwanza uliliandika kwenye dirisha la hapa kwako, likatafsiriwa na Windows yako. Skrini ya kule ikijifunga, unaliandika mbele ya Windows ya kule, kwa mpangilio wa kule. Usilirudie rudie. Mimi nilifungiwa akaunti hivyo asubuhi ya siku ya mishahara, na watu walingoja hadi fundi wa kule alipoamka. Funga dirisha, unganisha upya: utaliandika tena huku kwako, na kule kutafunguka. Ukitaka kuhakiki pale pale, bonyeza alama ya jicho uone kinachotoka.

*Nahitaji Ctrl, Alt na Delete kule, lakini inafunguka ya hapa.* Bonyeza Ctrl, Alt na End.

*Sijui kule kuna mpangilio gani kwa sasa.* Fungua menyu ya Start ya kule, andika osk, bonyeza Enter. Itatokea kibodi ya skrini inayoonyesha kila kitufe kitatoa nini. Bonyeza na Shift uone alama za juu.

*Kila nikibonyeza herufi, madirisha yanafunguka na kufungika.* Kitufe cha Windows, Ctrl au Alt kimebaki kama kimeshikwa, hasa baada ya intaneti kukatika au kuhama dirisha kwa Alt na Tab. Bonyeza na kuachia kila kimoja mara moja, vya kushoto na vya kulia, ukiwa ndani ya dirisha la kule.

*Niliandika 1,500 kwenye hesabu, jumla ikatoka ndogo ajabu.* Hapa kibodi haina kosa. Kwa desturi ya Kiitalia, nukta hutenga maelfu na koma hutenga desimali, kwa hiyo 1,500 yako kule imesomwa moja na nusu. Andika 1500 bila kutenga, na kwa senti tumia koma: 1500,50. Kabla ya kutuma ankara yoyote uliyoandika wiki ya kwanza, rudi uzipitie zote kwa jicho hilo.